Pumzi za Mama Mja Mzito

Yasemwa na wengi ya kwamba mama mja mzito hutweta kwa sababu mtoto humsonga kifua. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Maana wanawake wengi huanza kuona pumzi fupi katika miezi ya kwanza, wakati tumbo halijaonekana hata kidogo.

Sababu yake imo katika damu. Mimba ikiisha kutungwa, homoni iitwayo projesteroni huongezeka, nayo huiamsha sehemu ya ubongo iamrishayo kupumua. Hapo mama huvuta pumzi kubwa zaidi, ijapokuwa hesabu ya pumzi zake kwa dakika haibadiliki sana. Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa kiasi cha nusu lita kwa pumzi moja. Mama mja mzito aweza kufikia mililita 700. Kwa hiyo hewa chafu ya kaboni hupungua katika damu yake, na ile ya mtoto hupata njia nyepesi ya kuvukia kwake. Mtoto hapumui hewa tumboni. Mama ndiye ampumuliaye.

Kifua nacho hujitengeneza. Mbavu za chini hutanuka, na ule msuli mpana utengao kifua na tumbo hupanda kiasi cha sentimita 4. Akiba ya hewa ibakiayo mapafuni baada ya kutoa pumzi hupungua kwa karibu sehemu moja katika tano, hali mwili wahitaji oksijeni zaidi. Ndiyo maana kichomi au pumu humlemea mama huyu upesi. Mwenye pumu asiache dawa zake kwa kumhofia mtoto. Kumkosesha mtoto hewa ndiko kubaya zaidi.

Hatari ni kusema, "Ni mimba tu." Kutweta kwa kawaida huja polepole, na mama huweza kazi zake. Lakini akitweta ghafula hali ameketi, akiumwa kifua, akikohoa damu, midomo ikigeuka rangi ya samawati, au mguu mmoja ukivimba, apelekwe hospitali siku ile ile: huenda ni ugonjwa wa moyo, au damu iliyoganda mapafuni. Na viganja vyake vikiwa vyeupe, yamkini ni upungufu wa damu, ambao malaria na safura huuleta mara nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria. Kliniki huupima kwa tone moja la damu; himoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, damu imepungua.