Barua ya Kuomba Kazi
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho, kisha tutarudi makwetu. Baadhi yetu wataendelea na masomo, lakini wengi watatafuta kazi. Hapa Vwawa zimo ofisi za serikali, kwa kuwa tangu Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 mji wetu ndio makao makuu yake. Tunduma, mpakani na Zambia, wako mawakala wa forodha. Na huku Mbozi viko vyama vya ushirika vya kahawa. Mlango wa kwanza wa kazi nyingi za namna hiyo ni barua. Kwa hiyo nimeona yafaa tuizungumze.

Kwanza, umbo lake. Barua ya kuomba kazi ni barua rasmi. Juu, upande wa kulia, huandikwa anwani ya mwombaji, na chini yake tarehe. Upande wa kushoto huandikwa cheo na anwani ya anayeandikiwa. Halafu huja mwito, yaani "Ndugu", na kichwa cha barua kinachoanza na YAH au KUH. Mathalani, YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA MIZANI. Baada ya hapo huja barua yenyewe, na mwisho "Wako mtiifu", saini na jina kamili. Barua isiyo na saini haina mwenyewe.

Lakini mtu aweza kulijua umbo lote na bado akakosa la kusema. Hapo ndipo wengi hukimbilia steshenari. Mwenye duka ana barua moja ndani ya kompyuta. Hubadili jina na tarehe, akaichapa, na mteja akalipa. Barua hiyo husema: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Maneno hayo ni mazuri, lakini kila mtu aweza kuyasema. Mkubwa wa ofisi akipokea barua kumi za namna hiyo, hamjui hata mmoja katika walioziandika.

Basi tufanyeje? Tulisome tangazo kwanza, tena polepole. Tangazo ni maswali, na barua ni majibu. Tuseme chama cha ushirika kinatafuta karani wa mizani kwa msimu wa kahawa. Chataka mtu aliyemaliza Kidato cha Nne, ajuaye kupima na kutunza daftari, na anayeaminika. Mwenzetu mmoja atasema, "Mimi nimetoka shule tu, sina uzoefu." Je, ni kweli? Hebu aandike hivi:

"Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa kiranja wa bwalo. Kila asubuhi nilipima unga na maharage pamoja na mtunza stoo, nikaandika kilo katika daftari na kutia saini. Wakati wa likizo nimewasaidia wazazi wangu kupima kahawa kabla ya kuipeleka chamani. Mwalimu wa bweni yuko tayari kuulizwa habari zangu."

Hapa hakuna neno "mwaminifu", lakini msomaji ameuona uaminifu mwenyewe. Kila jambo lililotakiwa limepata jibu lake, na kila jibu laweza kuthibitishwa. Asiyekuwa kiranja naye ana lake: amewahi kuuza dukani kwa mjomba, au kutunza fedha za kwaya. Atafute katika maisha yake jambo linalolingana na kazi ile, alitaje waziwazi.

Jambo hili si geni duniani. Yapata mwaka 1482, Leonardo da Vinci wa Italia alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, kuomba kazi. Sisi tunamjua kwa uchoraji, na tungedhani angeanza na hilo. Lakini yeye alitanguliza madaraja mepesi na mitambo ya vita, akautaja uchoraji karibu na mwisho. Alitazama kwanza mahitaji ya yule anayeandikiwa.

Pili, ukweli. Mwezi wa Aprili 2017 ilitangazwa kwamba uhakiki wa vyeti umewabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wamekwisha kutumika miaka mingi, wana watoto shuleni. Njia ya mwongo ni fupi. Usiandike katika barua neno lolote ambalo cheti chako au mtu anayekujua hawezi kulisimamia.

Tatu, fuata maagizo. Maombi ya kazi nyingi za serikali hupelekwa kwa intaneti, katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Matangazo yake hutaka barua iliyotiwa saini, kwa Kiswahili au Kiingereza, pamoja na nakala za vyeti. Karatasi ya matokeo ya Kidato cha Nne peke yake haikubaliwi. Hapana budi kuambatisha cheti chenyewe. Tazama pia siku ya mwisho. Mfumo ukifungwa, hata barua nzuri haina pa kuingilia.

Mwisho, iwe ukurasa mmoja. Ukiisha kuiandika, mpe mwalimu au mwenzako aisome, kisha umwulize: "Umejua nini juu yangu?" Akijibu tu kwamba wewe ni mchapakazi, iandike upya.

Nanyi wazazi wetu, mmeuza mahindi na kahawa ili tusome. Mtoto akiwaomba fedha ya kununulia barua steshenari, mpeni ya kuchapishia tu, lakini maneno ayatunge mwenyewe. Siku ya usaili ataulizwa habari za barua ile, na mwenye duka hatakuwako kumjibia.

Nawatakia wenzangu wa Kidato cha Nne mtihani mwema.