Kutunga na Kurekodi Muziki kwa Kikundi Kidogo: Funzo Kutokana na Jazz

Katika shule nyingi za msingi somo la muziki limekuwa somo la kukariri. Mwalimu huimba mstari, watoto huurudia. Huimba mstari wa pili, watoto huurudia pia. Na siku ya wageni wimbo huimbwa wote bila dosari. Njia hii ina manufaa yake, na hatukusudii kuibeza. Hata hivyo, mtoto anaweza kumaliza miaka yote ya shule ya msingi akiwa ameimba nyimbo nyingi bila kuulizwa hata mara moja: Je, wewe una sauti gani ya kuongeza?

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kuliongoza darasa la tano au la sita kutunga muziki wao wenyewe na kuurekodi. Mfano wetu tutautoa katika jazz, kwa sababu ni muziki ambao ndani yake mpigaji hutunga huku akipiga, akisikilizana na wenzake wachache.

Maana ya jina

Kwanza tuondoe utata wa jina. Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia neno jazz huenda akakumbuka Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz au Tabora Jazz. Bendi hizo zilijiita kwa jina hilo, ingawa muziki wao wa dansi ulikuwa na undugu wa karibu zaidi na rumba ya Kuba na ya Kongo. Jazz tunayoizungumzia hapa ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Aina hizi mbili zinafanana katika jambo moja linalotuhusu: kila chombo kina kazi yake, na hapana chombo kinachofaulu bila kusikiliza vingine.

Mfano wa mwaka 1959

Tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959, mpiga tarumbeta Miles Davis aliingia na wenzake katika studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa mtaa wa 30, New York, katika jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Walikuwapo John Coltrane na Cannonball Adderley katika saksafoni, Bill Evans katika piano, Paul Chambers katika besi na Jimmy Cobb katika ngoma. Katika wimbo mmoja piano ilipigwa na Wynton Kelly. Kazi ya siku hizo mbili ikawa santuri iitwayo Kind of Blue, iliyotolewa mwezi Agosti mwaka huo huo.

Bill Evans, katika maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya santuri hiyo, alisema kwamba Davis aliandaa michoro mifupi tu ya muziki, saa chache kabla ya kurekodi. Wapigaji walipewa umbo la wimbo na ngazi ya sauti za kutumia. Yaliyosalia walitakiwa kuyabuni papo hapo. Jambo hili halipaswi kumshangaza mtu aliyewahi kusikia malenga wakijibizana. Malenga hajui atasema neno gani, lakini vina na mizani anavijua. Uhuru wake umesimama juu ya umbo.

Tutazame umbo la wimbo wa kwanza wa santuri hiyo, So What. Mzunguko mmoja una vipimo 32, vilivyogawanywa katika sehemu nne za vipimo 8. Sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne zinafanana. Ya tatu ni tofauti. Tukiziita A na B, tunapata A-A-B-A. Besi hutoa swali, na vyombo vingine hujibu kwa mipigo miwili, kama kiongozi na waitikiaji katika ngoma zetu. Baada ya hapo Davis, Coltrane, Adderley na Evans hupokezana, kila mmoja akibuni juu ya umbo lile lile, kisha swali na jibu hurudi.

Ngazi ya sauti iliyotumika katika sehemu A ni rahisi kwa anayejua sol-fa. Ni ngazi inayoanzia re na kuishia re: re, mi, fa, so, la, ti, do, re. Sauti ni zile zile za ngazi ya do. Kilichobadilika ni nyumbani, yaani sauti ambayo sikio linatulia juu yake. Katika sehemu B ngazi yote hupanda nusu hatua, kisha hurudi.

Mpango wa somo

Mpango ufuatao unahitaji vipindi vinne. Vifaa ni vile vinavyopatikana: ngoma moja, kayamba au manyanga, filimbi, marimba au zeze, na simu au kinasa sauti. Mwalimu ahakikishe mapema kwamba ala zenye sauti za ngazi zinapatana. Marimba iliyochongwa kijijini na filimbi iliyonunuliwa dukani aghalabu hazipatani. Zisipopatana, achague moja, na nyingine aiache kwa siku hiyo.

Kipindi cha kwanza: Nyumbani. Darasa zima liimbe ngazi ya re polepole, kupanda na kushuka. Kisha nusu ya darasa iguune sauti ya re kwa chini, na nusu nyingine itembee juu ya ngazi na kurudi re. Mwalimu aulize: Ni wapi mnajisikia mmefika? Watoto wakishaitambua re kwa sikio, afanye vivyo hivyo kwa so, bila kubadili sauti za ngazi. Hii ndiyo itakuwa sehemu B yetu. Tumeepuka nusu hatua ya Davis kwa sababu filimbi nyingi za watoto na marimba nyingi haziiwezi kwa urahisi.

Kipindi cha pili: Swali na jibu. Kila kipimo kiwe na mapigo 4, na kila sehemu iwe na vipimo 4, yaani mapigo 16. Swali lichukue mapigo 6 na jibu mapigo 2, hivyo sehemu moja inabeba maswali mawili na majibu mawili. Jibu liwe sauti mbili tu, nalo lisibadilike. Watoto, wawili wawili, watunge swali. Baada ya dakika 10 wapige au waimbe mbele ya wenzao, na darasa lote liitikie. Darasa lichague maswali mawili: moja la sehemu A, moja la sehemu B.

Kipindi cha tatu: Kikundi. Wachaguliwe watoto sita: wa ngoma, wa kayamba, wa kuongoza swali, na watatu wa kubuni. Katika darasa la watoto 60 au zaidi wengine wasikae bure. Hao ndio besi. Waguune re katika sehemu A na so katika sehemu B, kwa sauti ya chini. Mzunguko wetu, A-A-B-A, una vipimo 16, yaani mapigo 64. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 40. Swali na jibu mwanzoni mzunguko mmoja, wabunifu watatu mzunguko mmoja mmoja, na swali na jibu mwishoni mzunguko mmoja: jumla mizunguko 5, au dakika 3 na sekunde 20. Mwalimu aliyepiga hesabu hii mapema hatachelewa kengele.

Mtoto anayebuni apewe masharti matatu tu. Mosi, aanze kwa sauti tatu: re, fa na so. Pili, anyamaze angalau mara moja katika kila sehemu. Tatu, amalizie re. Kunyamaza ni sehemu ya muziki, na Davis alisifika kwa kuacha nafasi baina ya sauti. Mtoto asiyefundishwa kunyamaza hujaza kila pigo kwa hofu.

Kipindi cha nne: Kurekodi. Tutakieleza peke yake hapa chini.

Neno linaloua

Hapa tufikie jambo lililo zito kuliko yote katika somo hili. Mtoto anayebuni mbele ya wenzake amejiweka wazi kuliko anayejibu swali la hesabu. Akikosea hesabu, jibu sahihi lipo na atalipata. Akichekwa kwa tuni aliyoitunga, amechekwa yeye mwenyewe, na yamkini hatajaribu tena. Tumeona katika mazoezi ya kufundisha kwamba neno "umekosea", likitamkwa mara moja katika kipindi cha kubuni, hulifanya darasa zima kurudi kumwiga mwalimu.

Kwa hiyo mwalimu ahukumu umbo, asihukumu ladha. Aweza kusema: "Umeingia B kabla ya wenzako," au "Hukunyamaza." Hayo yana ukweli unaoweza kusikika na kusahihishwa. Asiseme: "Haipendezi." Na mtoto akipiga sauti isiyotazamiwa, mwalimu amwombe airudie. Sauti iliyoponyoka ikirudiwa kwa kusudi inakuwa wazo.

Kurekodi

Kurekodi kuna faida ambayo mwalimu hawezi kuitoa kwa maneno: kunamwezesha mtoto kuwa msikilizaji wa kazi yake. Anapopiga, akili yake imo vidoleni. Anaposikiliza, anagundua mwenyewe kwamba ngoma ilikimbia.

Chombo kimoja cha kunasa sauti kinatosha, ikiwa watu watapangwa vizuri. Ala yenye sauti kubwa ikae mbali, yenye sauti ndogo ikae karibu. Zeze liwe hatua moja kutoka kwenye simu, filimbi na marimba hatua mbili, ngoma hatua tano, na kundi la kuguuna nyuma ya ngoma. Simu isilazwe juu ya meza tupu, kwani meza hutetemeka; iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa, nayo izuiwe kupokea miito. Darasa lenye bati lisitumike wakati wa mvua. Chini ya mti pana utulivu, lakini upepo ukivuma husikika kama ngurumo.

Kwanza zirekodiwe sekunde 30 za majaribio, kisha zisikilizwe. Sauti ya ngoma ikikwaruza, ngoma irudi nyuma hatua mbili. Jaribio hili lisirukwe. Hata katika studio ya New York, tarehe 2 Machi 1959, mtambo mmoja ulizunguka polepole kidogo, na nyimbo tatu za upande wa kwanza wa santuri zikasikika kwa kasi na kimo kilichozidi kidogo kile kilichopigwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo la mwaka 1992, miaka 33 baadaye.

Kikundi kirekodi mara tatu, zisizidi, na wasisimame kwa sababu ya kosa moja. Bill Evans aliufananisha ubunifu wa aina hii na uchoraji wa Kijapani ambamo mstari ukishapita juu ya karatasi nyembamba hauwezi kufutwa. Watoto wakijua kwamba wanaweza kurudia mara ishirini, hawatasikilizana hata mara moja.

Jina la mtunzi

Kabla ya wimbo kuanza, mtoto mmoja atamke katika kinasa sauti jina la wimbo, tarehe, darasa, na majina ya wote: nani alitunga swali la A, nani la B, nani walibuni. Majina hayo yaandikwe pia katika daftari la darasa.

Huenda jambo hili likaonekana dogo. Santuri ya Kind of Blue ilimtaja Davis peke yake kuwa mtunzi wa wimbo uitwao Blue in Green. Evans alisema baadaye kwamba aliyeutunga ni yeye. Waliokuwa chumba kimoja siku hiyo walikuwa watu wazima, wenye mikataba na kampuni kubwa, na bado jambo hilo likaleta ubishi wa miaka mingi. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa muziki kuwa na haki juu ya kazi yake. Mtoto ataielewa sheria hiyo siku atakaposikia jina lake likitamkwa kabla ya tuni yake. Na mwalimu asijiandike kuwa mtunzi wa kazi iliyotokana na watoto, hata kama yeye ndiye aliyewapa umbo.

Kupima maendeleo

Mwalimu asikilize rekodi pamoja na darasa, akiuliza maswali manne:

1. Je, wote waliingia B pamoja?
2. Je, mwendo wa mwisho ulilingana na wa mwanzo?
3. Ni wapi mbunifu alimjibu mwenzake aliyemtangulia?
4. Ni wapi ukimya ulisaidia?

Swali la tatu ndilo kipimo cha juu. Mtoto anayechukua sauti mbili za mwisho za mwenzake na kuanzia hapo amejifunza kusikiliza.

Mazoezi ya mwanachuo

(a) Pamoja na wenzako watano, tungeni A-A-B-A ya vipimo 16 na mrekodi mara tatu kwa kifaa kimoja. Andika ulichosikia katika rekodi ambacho hukukisikia ulipokuwa ukipiga.

(b) Mtoto mmoja anakataa kubuni na kusema hajui. Pendekeza njia mbili za kumwingiza katika kikundi bila kumlazimisha. Fikiria sauti chache zaidi, au zamu fupi zaidi.

(c) Chagua wimbo wa dansi wa bendi ya Tanzania unaoufahamu. Eleza kazi ya kila gitaa, na uonyeshe ni chombo gani kinauliza na kipi kinajibu.