SOMO LA ROBO HII: Tangawizi, Limau na Asali kwa Mafua na Kikohozi, na Mipaka Yake



Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na Dar es Salaam kuwa na ubaridi, mafua na kikohozi huongezeka majumbani. Kwa mama anayefika soko la samaki Feri kabla ya alfajiri, akifanya kazi kwenye maji na upepo, siku tatu za kulala ni siku tatu bila kipato. Ndiyo maana wengi hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya antibiotiki. Lakini mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Fedha hupotea, na vijidudu vingine mwilini huzoea dawa.

Baadhi ya wahisani wetu wa Ujerumani wanaijua njia ya nyumbani ya kwao: sharubati ya matunda meusi ya mti uitwao Holunder, ambayo ni lazima yapikwe kwa kuwa mabichi huleta kichefuchefu na kutapika. Mti huo hatunao hapa. Sisi tunayo tangawizi ya Same, karafuu za Zanzibar na asali ya Tabora na Singida, na vyote hupatikana Kariakoo.

Kinachofanya kazi

Tuseme ukweli tangu mwanzo: hakuna mchanganyiko wa jikoni unaoua virusi vya mafua. Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Asali hulainisha koo na kupunguza kikohozi, hasa cha usiku. Kinywaji cha moto hulegeza makamasi na kurudisha maji mwilini. Huo ni msaada wa kweli, nao unatosha.

Mahitaji

- Tangawizi mbichi gramu 100
- Maji safi lita 1
- Karafuu 5 na kipande kimoja cha mdalasini
- Malimau 3
- Asali kikombe kimoja (mililita 250)

Asali inunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, kwa kuwa nyingine huchanganywa na maji ya sukari.

Hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha chupa ya kioo na kifuniko chake kwa dakika 10, uache vikauke.
2. Osha tangawizi, itwange. Ichemshe na karafuu na mdalasini, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa moto mdogo dakika 30.
3. Chuja kwa kitambaa safi. Subiri ipoe hadi iwe vuguvugu.
4. Kamua malimau, tia maji yake pamoja na asali, koroga.
5. Hifadhi kwenye friji, uitumie ndani ya wiki moja. Asiye na friji atengeneze kiasi cha siku moja tu.

Mtu mzima atumie vijiko viwili vya chakula katika kikombe cha maji ya moto, mara tatu kwa siku. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja apewe kijiko kimoja cha chai katika maji ya vuguvugu.

Angalizo

*Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba.* Asali yaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia. Huyo anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Mwenye kisukari akumbuke kuwa asali ni sukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kutumia tangawizi nyingi.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, kujifukiza kulienea sana mijini na vijijini. Mtoto asifunikwe shuka juu ya sufuria ya maji yanayochemka; akiimwaga, ataungua vibaya.

Lini twende kituo cha afya?

Hapa ndipo maisha hupotea: mtoto ana nimonia, na nyumbani wanaendelea kumpa tangawizi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mpeleke bila kuchelewa ikiwa anapumua:

- mara 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
- mara 50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
- mara 40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke pia kama kifua kinabonyea anapovuta pumzi, ana degedege, anatapika kila kitu au hawezi kunyonya wala kunywa. Homa ipimwe malaria. Mtu mzima aliyekohoa wiki mbili au zaidi, au anayekohoa damu, apimwe kifua kikuu; matibabu yake hutolewa bure.

Kwa vikundi vinavyotaka kuuza

Tunavipongeza vikundi vinavyotafuta kipato. Lakini msiandike kwenye chupa "dawa" wala "inatibu". Kinywaji kinachouzwa husimamiwa na TBS, na SIDO husaidia wajasiriamali wadogo kwa mafunzo. Anayetaka kutoa tiba asili hufuata Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 na kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Neno moja la uongo kwenye chupa laweza kumchelewesha mgonjwa kufika hospitali.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nani katika mtaa wetu ana saa na anaweza kuwafundisha akina mama kuhesabu pumzi?
2. Usiku, mtoto akizidiwa, familia isiyo na nauli itasaidiwaje na usharika?
3. Je, tunamfahamu yeyote aliyekohoa zaidi ya wiki mbili? Nani atamsindikiza kupima?

Tunawashauri mwanze na swali la pili. Sharubati kila nyumba yaweza kuipika. Nauli ya usiku inahitaji mfuko wa pamoja.