Jina Likichafuliwa: Kabla ya Kwenda Mahakamani, na Ukipelekwa

Baada ya kikao cha elimu kwa watumiaji katika mwalo wa Nkome, wilayani Geita, mnunuzi mmoja wa sangara alitufuata akiwa na simu mkononi. Katika kundi la WhatsApp la watu wa mwalo, mama mmoja anayemwuzia samaki alikuwa ametuma ujumbe wa sauti akisema kwamba mizani ya mzee huyo imechezewa, na kwamba kila anayempimia hupoteza kilo mbili katika kila kumi. Ujumbe ule ulikuwa umesambazwa hadi Katoro. Mzee hakutaka ushauri. Alitaka tumtajie wakili. "Mwanangu, nitamdai milioni mia tano," alisema, "kama wanavyodai wakubwa."

Somo hili limeandikwa kwa sababu ya maneno hayo ya mwisho. Kesi za kashfa za watu mashuhuri hutufikia kupitia redio na magazeti zikiwa zimebeba kitu kimoja tu, yaani kiasi cha fedha. Kilichotangulia kiasi hicho, na kilichofuata baada ya hukumu kusomwa, husikika kwa nadra.

Kashfa ni nini

Kwa maneno mepesi, kashfa ni tamko linalomhusu mtu anayeweza kutambulika, lililomfikia mtu wa tatu, na linalomshusha hadhi mbele ya watu wenye busara. Mtu akikutukana mkiwa wawili tu ndani ya mtumbwi, umetukanwa, lakini hujakashifiwa kisheria, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesikia. Mdai hana budi kuthibitisha kwamba maneno yalitolewa na kwamba yanamhusu. Mdaiwa akijitetea kwamba aliyosema ni kweli, mzigo wa kuuthibitisha ukweli huo unakuwa juu yake. Hapo ndipo kesi nyingi hugeuka, na hugeuka kwa pande zote mbili.

Hukumu ni karatasi. Fedha ni safari nyingine

Mfano unaokumbukwa zaidi nchini kwa miaka ya karibuni ni wa marehemu Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia mwaka 2007 hadi 2015. Mwaka 2018 alifungua kesi dhidi ya Cyprian Musiba kuhusu habari zilizochapishwa katika gazeti la Tanzanite. Oktoba 28, 2021 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam iliamua kwamba Membe alikuwa amekashifiwa, na ikaamuru alipwe jumla ya shilingi bilioni 9.

Bilioni 9 ndizo zilizobaki vichwani mwa watu. Lakini kesi ilichukua takribani miaka mitatu, na baada ya hukumu ilianza kazi nyingine ambayo wanasheria huiita kukazia hukumu: kutafuta mali za aliyeshindwa, kuomba amri ya kuzikamata, kumpata dalali wa mahakama, na kujibu mapingamizi. Mwaka 2023 suala la mali hizo lilikuwa bado linazungumzwa, na Mei 12 mwaka huo Membe alifariki dunia. Mahakama humpa mshindi haki ya kudai. Haimpi aliyeshindwa fedha ambazo hana. Kabla hujamdai mchuuzi wa samaki milioni mia tano, jiulize anamiliki nini.

Kuna jambo jingine linalohusu umauti ambalo wadai wengi hawalijui. Kwa sheria yetu, madai mengi ya mtu aliyefariki yanaweza kuendelezwa na msimamizi wa mirathi. Madai ya kashfa hayamo katika kundi hilo. Mdai akifa kabla ya hukumu, kesi yake hufa pamoja naye. Akifa baada ya hukumu, kile alichopewa na mahakama ni sehemu ya mali yake. Kwa mtu mwenye umri mkubwa au afya dhaifu, hesabu hiyo si ndogo.

Mdai anaposhindwa

Marehemu Reginald Mengi, mmiliki wa vyombo vya habari vya IPP, aliijaribu njia tofauti. Mwanasheria Mwingereza, Sarah Hermitage, na mumewe walikuwa wamekodi shamba la Silverdale huko Hai, Kilimanjaro, kutoka kwa Benjamin Mengi, ndugu yake Reginald. Mgogoro ukazuka, na wenzi hao wakaondoka nchini. Akiwa Uingereza, Hermitage alianza kuandika mtandaoni kuhusu yaliyowapata na kuhusu namna magazeti ya IPP yalivyoandika habari zao. Mengi hakumshtaki Dar es Salaam. Alimshtaki London, kwenye Mahakama Kuu ya huko.

Uchaguzi wa mahakama ni sehemu ya mkakati. Kwa miaka mingi London ilikuwa na sifa ya kuwapendelea wadai wa kashfa. Lakini kesi inapofika mbele ya jaji, mdai naye hupanda kizimbani. Huhojiwa, na nyaraka zake husomwa hadharani. Novemba 30, 2012 Jaji Bean aliyatupa madai hayo. Alikubali kwamba Hermitage alikuwa na haki ya kujibu mashambulizi yaliyokuwa yamechapishwa dhidi yake, na alikubali pia utetezi wake wa ukweli. Gharama ambazo Mengi aliamriwa kulipa ziliripotiwa kufikia pauni milioni 1.2.

Tazama kilichotokea. Kabla ya kesi, maandishi yale yalikuwa maneno ya mtu mmoja mtandaoni ambayo yeyote angeweza kuyapuuza. Baada ya kesi, yapo katika hukumu ya mahakama, na hukumu hudumu. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwa anayefungua kesi ya kashfa, nayo haihusiani na fedha hata kidogo.

Mengi huyo huyo alikuwa amewahi kuwa upande wa pili. Mwaka 2009 aliwataja hadharani wafanyabiashara watano aliowaita "mafisadi papa". Mmoja wao, Yusuf Manji, alimfungulia kesi Kisutu na kudai fidia ya shilingi moja. Wapo waliocheka. Mimi naona ulikuwa uamuzi wenye akili: mdai wa shilingi moja anauambia umma kwamba anachotafuta ni tamko la mahakama, na anamnyima mpinzani wake nafasi ya kusema kwamba amekuja kutafuta utajiri.

Simu iliyozama

Watu wa ziwani watauelewa mfano ufuatao kuliko watu wa mjini. Oktoba 2019 Coleen Rooney, mke wa mchezaji wa mpira Wayne Rooney, alitangaza kwamba siri zake zilikuwa zikifikishwa gazetini kupitia akaunti ya Rebekah Vardy, mke wa mchezaji mwingine. Vardy alishtaki. Mahakama ya London ilipotaka mawasiliano ya WhatsApp kati ya Vardy na wakala wake, ilielezwa kwamba simu ya wakala huyo ilikuwa imetumbukia baharini, katika Bahari ya Kaskazini, akiwa kwenye boti. Mazungumzo yaliyokuwa upande wa Vardy mwenyewe nayo yalikuwa yamepotea. Jaji Steyn hakuridhika. Katika hukumu ya Julai 29, 2022 aliona kwamba inaelekea simu ilitupwa kwa makusudi na mazungumzo yakafutwa kwa makusudi, na akaamua kwamba alichosema Rooney kilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Vardy aliamriwa kulipa asilimia 90 ya gharama za mwenzake, akianza na pauni 800,000.

Simu huzama kweli Ziwa Victoria, na si kila iliyozama imetupwa. Ila mahakama haitaacha kuuliza ilizama lini, na kama ilizama kabla au baada ya wito kufika. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokewa kama ushahidi, mradi mahakama iridhike jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na kwamba haukuchezewa. Kwa hiyo picha ya skrini peke yake ni ushahidi mwembamba. Tunza simu yenyewe, ujumbe wa sauti wenyewe, tarehe, na majina ya waliokuwa kwenye kundi siku hiyo. Usifute chochote, hata kile kinachokuaibisha.

Aliyesambaza naye yumo

"Mimi nilipitisha tu" ni utetezi unaosikika sana, nao hausaidii sana. Nchini Kenya, Nicholas Biwott, waziri wa serikali ya wakati huo, alishtaki kuhusu kitabu kilichochapishwa Uingereza kilichogusia kifo cha Dk. Robert Ouko. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Nairobi ilimpa shilingi milioni 30 za Kenya. Madai yake hayakuishia kwa walioandika. Yaliwafikia hata wauza vitabu wa Nairobi, ambao kazi yao ilikuwa kukiweka kitabu rafuni. Anayesambaza ujumbe wa sauti kutoka Nkome hadi Katoro anafanya kazi ile ile ya muuza vitabu, tena bila faida.

Zaidi ya madai ya fidia kuna jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamtia hatiani anayechapisha taarifa akijua kuwa ni za uongo kwa nia ya kuwadhuru au kuwapotosha watu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Baadhi ya wanaojiona wamekashifiwa huchagua kwenda polisi kwa kuwa ni rahisi na humtisha mwenzao haraka. Kumbuka tu kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Ikishafunguliwa, huwezi kuiendesha utakavyo, na haina lengo la kukulipa fidia.

Mtumiaji mwenye malalamiko

Je, mama yule wa Nkome alipaswa kunyamaza? Hapana. Mtumiaji anayeona amepunjwa ana haki ya kusema, na sheria inamlinda akisema mahali panapostahili. Malalamiko yanayopelekwa kwa nia njema kwa mamlaka yenye wajibu wa kuyashughulikia hulindwa na kile kinachoitwa kinga yenye masharti: hata ikibainika baadaye kwamba alikosea, hawajibiki, isipokuwa ithibitike kwamba alisukumwa na chuki. Kwa mizani, mamlaka hiyo ni Wakala wa Vipimo. Wanakuja na mawe ya kupimia, wanahakiki, na jibu linapatikana siku hiyo hiyo.

Kundi la wauzaji wa mwalo mmoja linaweza pia kuingia katika kinga hiyo, kwa sababu wote wana maslahi katika jambo lile. Kinga huanza kulegea ujumbe unapotoka kwenda kwa watu wasiohusika. Lugha nayo ina uzito. "Juzi nilipima nyumbani nikapata kilo 18, kwake zilikuwa 16" ni maelezo ya jambo alilolishuhudia. "Yule ni mwizi" ni shtaka, na anayelitoa ajiandae kulithibitisha.

Ukipokea au ukitaka kutuma notisi

Madai ya kashfa Tanzania Bara yana muda wa miaka mitatu tangu maneno yalipotolewa. Kenya ni miezi 12 tu, kwa hiyo usimsikilize jamaa wa Kisumu katika hili. Kwa kawaida hutangulia barua ya wakili inayotaka radhi na fidia. Usiitupe. Ukiletewa hati ya madai na wito wa mahakama, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, na zikipita kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja bila wewe. Usiyemudu wakili unaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya halmashauri itakuelekeza.

Kwa anayedai, ile milioni mia tano ina sehemu mbili. Hasara mahususi, kwa mfano wateja waliokimbia na mauzo yaliyoshuka, lazima itajwe kipengele kwa kipengele na ithibitishwe kwa daftari. Fidia ya jumla hupangwa na mahakama kwa busara yake, hata uandike bilioni. Na anayeshindwa, kwa kawaida, hulipa gharama za mwenzake.

Radhi iliyotolewa mapema hupunguza fidia na mara nyingi humaliza shauri. Itolewe pale pale maneno yalipotolewa, isiyarudie maneno yenyewe, na isiwe na "lakini".

Mzee wa Nkome tulimshauri aanze na mizani. Ilihakikiwa, ikakutwa sahihi. Mizani iliyokuwa na kasoro ilikuwa ya nyumbani kwa yule mama, ya kuning'iniza, aliyoinunua mnadani bila kujua. Mama alituma radhi kwenye kundi lile lile, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma, na mzee akaiweka picha ya stika ya uhakiki chini yake. Alipotupigia simu baadaye alisema wauzaji wawili wa Katoro bado hawajarudi kwake. Anatunza daftari la mauzo, na muda wake wa miaka mitatu haujaisha.