Kiswahili Chako Hakina Kosa, Andika Sura ya Nne



Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, mama wa watoto wawili. Mwaka juzi nilianza kuandika riwaya kuhusu maisha ya kambi za mashamba ya mkonge. Bibi yangu mzaa mama aliletwa huku kutoka Kasulu na mume wake wa kwanza, aliyekuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kabla ya Uhuru. Nimekusudia kusimulia vizazi vitatu: bibi, mama na mimi. Nimeandika sura tatu kwenye kaunta buku, kisha nikakwama. Ni miezi minane sasa. Kila nikikaa mezani narudi kuirekebisha sura ya kwanza, nimeiandika upya hadi siioni tena. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, akasema lugha yangu ni ya kambini, haina mnato, na sisi watu wa Kigoma fasihi tuwaachie watu wa pwani. Tangu siku hiyo nikisoma vitabu vya mwandishi wa riwaya Adam Shafi naona aibu. Najiuliza nani atakichapa changu, nani atakisoma. Sura ya nne ni pale bibi anapoondoka kambini usiku na kumwacha mtoto wake wa kwanza, jambo alilonisimulia mimi tu kabla hajafariki. Mume wangu anasema nipumzike. Je, nipumzike, Mwalimu, au kuna namna?

Msomaji wako, Korogwe.

Mwalimu mwenzangu, pole kwa kuondokewa na bibi.

Barua yako nimelazimika kuifupisha ili ienee hapa. Katika barua nzima umezungumza kwa kirefu juu ya lugha, wachapishaji na maneno ya mwenzako wa shuleni. Sura ya nne umeigusa kwa sentensi moja, karibu na mwisho, kisha ukahamia haraka kwa mumeo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma miswada, na humo nimezoea kusimama pale mwandishi anapopita mbio. Basi nikuambie bila kuzunguka: hukukwama kwa sababu ya Kiswahili chako. Umekwama kwa sababu umelifikia jambo ambalo bibi alikukabidhi wewe peke yako, na hujaamua kama una haki ya kulisema.

Jiulize mwenyewe. Sura tatu za mwanzo uliziandika kwa Kiswahili hikihiki, ukiwa mtu huyuhuyu wa asili ya Kigoma, na kalamu ilikwenda. Mchapishaji hukuwa naye wakati ule pia. Kilichobadilika ni kwamba hadithi imefika usiku ule wa kambini. Kurekebisha sura ya kwanza kumekuwa njia ya kukaa karibu na kazi bila kuigusa, na maneno ya mwenzako yamekupa sababu inayotamkika mbele za watu. Sababu ya kweli ni nzito kuliko hiyo.

Woga wako siudharau. Mtoto yule aliyeachwa ana damu yako. Huenda yu hai, huenda ana wajukuu, na mama yako huenda hajawahi kusikia habari zake. Mtu asiyesita mbele ya jambo kama hilo simwamini na kalamu. Lakini umeunganisha mambo mawili ambayo yana nyakati zake tofauti. Kuandika ni kati yako na karatasi. Kuchapisha ni kati yako na jamaa zako. Leo unajaribu kujibu swali la pili wakati la kwanza hujalimaliza, na ndiyo maana mkono hauendi. Andika kwanza. Rasimu ikifika mwisho, kabla mchapishaji yeyote hajaiona, nenda kwa mama yako, kaa naye, mweleze alichokuambia bibi. Mazungumzo hayo ni wajibu wako na usiyakwepe, ila huwezi kumwomba mtu ridhaa ya kitabu ambacho hakipo.

Kumbuka pia kwamba unaandika riwaya. Mwanamke wa kitabuni halazimiki kuwa bibi yako. Kambi za Tanga zilikusanya Waha, Wabena, Wamakonde, watu wa Rwanda na Burundi. Mpe jina jingine na kwao kwingine, mpe umri usio wa bibi, mpe sababu ya kuondoka ambayo bibi hakuwa nayo. Siku mwanamke huyo atakapofanya jambo ambalo bibi yako asingelifanya kamwe, utajua kwamba umepata mhusika, na siri ya marehemu itakuwa imepata stara ndani ya hadithi.

Kuna sababu ya pili ya kukwama, ndogo lakini ya kweli: pengine huujui vizuri usiku ule. Bibi alikusimulia kilichotokea. Riwaya inataka zaidi ya hapo. Inataka kujua mwanamke huyu alipita wapi. Mumewe alikuwa amebakiza siku ngapi kwenye kipande, kile cha siku thelathini za kazi? Manamba aliyevunja mkataba na kutoroka aliweza kushtakiwa. Je, mume alihofia nini aliposikia mkewe ameondoka, na majirani walisema nini asubuhi? Mke mwenyewe, je, alikwenda kwa miguu hadi stesheni, na nauli aliitoa wapi? Saa ngapi wakataji waliamka kwenda shambani, mashine ya korona ilianza kunguruma saa ngapi, singa za mkonge zilianikwa upande gani wa kambi? Unaishi Korogwe, na mashamba yenyewe yako hapo. Watafute wazee waliokulia kambini, wapelekee sukari, waulize mambo ya kawaida kabisa: kula, kulala, kufua, kuumwa. Usiwaulize habari za bibi. Ukirudi na majibu hayo, utaona sura inaanza kujiandika yenyewe, maana mkono mara nyingi hukataa kuandika kisichoonekana machoni.

Sasa tuje kwa mwenzako. Ametia mambo matatu katika kauli moja, na yafaa uyatenganishe. Kwamba fasihi ni ya watu wa pwani, hilo si tathmini ya kazi yako, na historia imeshalikanusha. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Riwaya yake, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na leo huwezi kueleza historia ya riwaya ya Kiswahili bila kuitaja. Kwamba lugha yako ni ya kambini, hilo ni sifa, hata kama hakukusudia kukusifu. Watu wako wanaishi kambini, waongee lugha gani? Huyo Adam Shafi unayemwonea aibu aliandika Kuli juu ya wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na hakuwafanya wachukuzi waongee kama makadhi. Umechukua kwake aibu wakati alikuwa anakupa ruhusa.

Limebaki la tatu, kwamba maandishi hayana mnato. Hilo huenda ni kweli. Rasimu nyingi ni hivyo, na dawa yake ni uhariri, ambao hufanywa mwishoni. Wewe mwalimu unajua: mwanafunzi wa kidato cha pili humsimamii begani na kalamu nyekundu huku anatunga sentensi ya kwanza ya insha. Unamwacha amalize, ndipo unasahihisha. Nafsi yako umeinyima haki unayompa kila mwanafunzi wako. Kwa hiyo usimpe mtu yeyote mswada kabla haujafika mwisho. Na utakapompa, mpe maswali: ulichoka wapi, hukuelewa wapi, ulitaka kujua nini zaidi. Anayeulizwa hivyo hutoa msaada, na anayeulizwa kama kitabu ni kizuri hutoa hukumu.

Unajilinganisha, na mizani unayotumia si ya haki. Upande mmoja umeweka rasimu yako ya kwanza, upande wa pili kitabu kilichokwisha kuandikwa, kuhaririwa na kupigwa chapa. Tazama badala yake miaka ya kazi. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1978, Kuli ikafuata mwaka 1979, na Vuta N'kuvute ikatoka mwaka 1999. Miaka ishirini kati ya kitabu na kitabu, na hicho cha baadaye ndicho kilichopendwa hadi kikafanywa filamu. Wewe una miezi minane, na tayari unaandaa matanga ya kipaji chako.

Wala usingoje shaka iondoke ndipo uandike. John Steinbeck wa Marekani aliandika The Grapes of Wrath mwaka 1938, riwaya ya wakulima waliong'olewa Oklahoma na ukame na madeni, wakaenda kuwa vibarua katika mashamba ya California. Kila siku ya kazi aliandika pia shajara, na shajara hiyo, iliyochapishwa baada ya kifo chake, imejaa hofu kwamba hawezi, kwamba kitabu kinamshinda. Alikimaliza ndani ya miezi michache, na mwaka 1962 akapewa Tuzo ya Nobel. Shaka yake haikuondoka. Ila kila siku aliiandika shajarani kisha akarudi kwenye kurasa zake. Nawe iandike yako nyuma ya kaunta buku, mistari mitatu au minne kabla ya kuanza. Ikishapata mahali pake pa kukaa, haitakuja kukaa ndani ya sura.

Jambo moja la umbo nalo nataka ulifikirie. Umepanga vizazi vitatu katika kitabu kimoja. Mwandishi Chinua Achebe naye alianza hivyo, akikusudia kusimulia baba, mwana na mjukuu pamoja. Alipoitazama rasimu aliona imekuwa nyembamba mno kwa kila mmoja wao, akaigawa. Ya baba ikawa Things Fall Apart, iliyotoka mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili tunaisoma kama Shujaa Okonkwo. Ya mjukuu ikawa kitabu kingine, kilichotoka mwaka 1960. Labda mzigo uliokuelemea ni wa vitabu vitatu. Mwanamke mmoja, kambi moja na mtoto aliyeachwa vinatosha kabisa kujaza riwaya. Mama yako na wewe mwaweza kungoja zamu yenu.

Kuhusu wachapishaji, sitakudanganya. Soko la riwaya ni dogo, na nyumba nyingi za uchapishaji hapa kwetu hutegemea vitabu vya shule. Lakini milango ipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu na Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili zote hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na hakuna hata moja inayouliza mwandishi amezaliwa mkoa gani. Sharti moja halikwepeki, nalo ni kwamba mswada uwe umekamilika. Sura ya kwanza iliyong'arishwa mara nyingi haiingii kwenye shindano lolote.

Mumeo anasema upumzike kwa sababu anakupenda na anakuona unaumia. Mpe namna nyingine ya kukusaidia. Mkabidhi sura zako tatu azifungie kabatini na asikupe hadi rasimu iishe. Kisha muombe nusu saa kila siku akae na watoto, kabla hujaanza kusahihisha madaftari, maana baada ya madaftari hakuna mwalimu anayebakiwa na nguvu. Siku za zamu au za mitihani zikikunyima nusu saa hiyo, usijihukumu, kesho yake rudi. Ukikosa neno, acha nafasi usonge mbele. Simama ukiwa bado unajua sentensi inayofuata, ili kesho usianze mikono mitupu. Na ikiwa tukio la usiku ule litakukataa hata hivyo, liendee kwa njia nyingine: andika barua ambayo mwanamke huyo angemwandikia mtoto wake miaka mingi baadaye, kama angejua kuandika. Si lazima iingie kitabuni. Itakufundisha kwa nini aliondoka, na ukishalijua hilo, kuondoka kwenyewe utakuandika.

Ukiona kila unapolifikia tukio hilo unalia hadi huwezi kuendelea, hilo ni msiba unaodai haki yake. Ruka, andika sura ya tano au ya saba, kisha uje urudi. Lakini kupumzika kwa maana ya kuacha, hapana. Maelfu ya wanawake waliishi, wakazaa na kuzikwa katika kambi zile, na kwenye rafu zetu za riwaya ni haba mno. Bibi yako alikuwa na watu wengi wa kumwambia alichofanya. Alimchagua mjukuu anayeandika. Sidhani kama alitaka kikae kimya.

Anza juma hili. Sura ya nne iwe mbovu kiasi chochote itakavyokuwa, mradi iwe na mwanzo na mwisho, na baada yake uandike ya tano.