Ulimbo wa Meno na Ulinzi wa Mate

Tumezoea kusema ya kuwa jino limeliwa na mdudu. Neno hili lina kweli ndani yake, ila mdudu huyo si funza. Ni kidudu kisichoonekana kwa macho, na wataalamu hukiita Streptococcus mutans; J. Kilian Clarke wa Uingereza alikieleza mwaka 1924. Nacho hakili jino, hula sukari, kisha hutoa asidi kali iyeyushayo jino.

Mwenyezi Mungu hakuliacha jino bila mlinzi. Mwaka 1922 Alexander Fleming, huko London, alionyesha ya kuwa machozi na mate yana kitu kipasuacho vidudu, akakiita lisozimu. Kimo hata katika ute mweupe wa yai la kuku. Ni kimeng'enya, nacho hukata nyuzi za ukuta wa kidudu.

Basi, mbona meno yaoza, hali mate hayakauki kinywani? Sababu ni ulimbo. Sukari ya miwa ni viungo viwili vilivyoshikamana, glukosi na fruktosi. Kidudu hiki huvitenga, halafu huunga glukosi kwa glukosi hata iwe minyororo mirefu, iitwayo glukani. Baadhi yake haiyeyuki kwa maji. Hunata juu ya jino kama ulimbo wa mtega ndege. Ndani yake vidudu hukaa kwa salama, maana kimeng'enya cha mate hakivifikii kwa urahisi, na asidi yao hukawia papo hapo penye jino, isioshwe upesi.

Mwaka 1968 wataalamu wa Marekani waliwapa hamsta, wanyama wafananao na panya, kimeng'enya kiitwacho dekstranasi, kikatacho ulimbo huo, na kuoza kukapungua. Kwa watu faida ilikuwa haba. Ulimbo umeungwa kwa namna mbili, na dekstranasi hukata namna moja tu. Ile ngumu zaidi hubaki.

Kwa hiyo mswaki wafanya kazi ambayo mate hayaiwezi, yaani kuuvunja ulimbo. Ugali huweza kuacha asidi kidogo, lakini glukani hii hufanyizwa kwa sukari ya miwa. Ndiyo maana chai tamu inywewayo kidogo kidogo mchana kutwa yadhuru sana.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto na awaambie wakwaruze jino kwa ukucha safi asubuhi, kabla ya kupiga mswaki. Kile cheupe chenye kunata, ulimbo umo ndani yake, pamoja na vidudu vyenyewe.