MAGAMBA KWENYE NGOZI, MAUMIVU MGONGONI

Wapo wenzetu wanaoamka kwa adhana ya Alfajiri mgongo ukiwa mgumu kama ubao, hata rukuu haishuki. Wakishatembeatembea, kufika saa mbili asubuhi ni wazima. Wengi huambiwa ni kazi nzito au umri. Kabla hujakubali jibu hilo, tazama viwiko vyako, magoti na ngozi ya kichwa.

Soriasisi ni maradhi ya ngozi ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Mabaka yake hufunikwa na magamba meupe, na kwenye ngozi nyeusi huonekana ya zambarau au kijivu. Hayaambukizi (anayekwepa kusimama bega kwa bega na mgonjwa huyu katika safu anamdhulumu bure). Lakini kinga hiyo hiyo yaweza kugeukia viungo. Hadi wagonjwa 3 katika 10 hupata baridi yabisi, na baadhi yao huingia shingoni, kwenye pingili, na pale mgongo unapokutana na nyonga. Ikiachwa miaka mingi, pingili zaweza kushikana.

Maumivu haya huanza taratibu, mara nyingi kabla ya miaka 45, na hupita miezi 3. Huzidi ukipumzika na hupungua ukijongea. Ya kubeba mizigo ni kinyume chake. Hukuamsha usiku wa manane, na asubuhi mgongo hukakamaa zaidi ya nusu saa. Angalia pia kucha, kama zina vitobo vidogovidogo.

Basi ukienda kwa daktari kwa ajili ya mgongo, mwoneshe na ngozi. Eksirei ya mwanzo yaweza isioneshe kitu, na vipimo vya damu vikawa safi, na ugonjwa upo. Ukiwa na homa, jasho la usiku, kukonda au miguu kukosa nguvu, wahi hospitali: huenda ni kifua kikuu cha mgongo.

Ibuprofeni au diklofenaki husaidia, kwa kipimo cha daktari na baada ya chakula; mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asijinunulie. Methotrekseti hufaa ngozi na vidole, lakini kwa mgongo haisaidii sana. Zipo sindano za kutuliza kinga, ila ni ghali. Prednisoloni ya kujinunulia dukani naiogopa zaidi: ukiiacha ghafla, soriasisi yaweza kulipuka mwili mzima.

Jinyooshe kila siku, na sigara uiache. Kuhusu swala, Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Huswayn (r.a.), alipokuwa mgonjwa, aswali kwa kukaa akishindwa kusimama. Siku mbaya chukua kiti. Siku ukiwa na nafuu simama na urukuu kadiri uwezavyo, kwani mgongo huu hupenda kujongea.